Sura ya Tano: Kitunguu Kinacholala Kiangazi

Mwishoni mwa Agosti chungu cha nerini hakina cha kumwonyesha mgeni. Udongo umekauka hadi umejitenga na kingo za chungu. Vitunguu vimebanana juu yake, mabega wazi, vimevaa maganda ya kahawia kama vitunguu maji vilivyosahaulika kapuni jikoni. Jani hakuna hata moja. Mtu asiyejua atadhani mmea umekufa zamani, atautupa na kuosha chungu apandie kitu kingine.

Mimi wakati huo nakikagua kila asubuhi kabla ya chai, nimeinama dirishani, nikitazama shingo moja baada ya nyingine. Natafuta ncha inayochungulia kati ya maganda. Ikiwa bapa na ya kijani, hiyo ni ya jani. Ikiwa nene, yenye rangi ya shaba iliyoingia wekundu, na ukiigusa taratibu kwa kidole unahisi ndani yake kuna kitu kimejaa, hilo ni tumba la ua. Siku nikiliona ndipo naleta maji.

Baada ya hapo mambo huenda haraka. Kikonyo hupanda, kitupu, bila jani la kukisindikiza, hadi sentimita 30 au 45. Tumba hupasuka na kuachia maua kumi, kumi na tano, mara nyingine ishirini, yaliyopangwa kwa duara. Kila ua lina petali sita zilizopinda kwa nyuma, na stameni ndefu zimechomoza mbele. Rangi ya asili ni nyekundu ya kuwaka. Sasa chukua chungu hicho, kiweke juani mnamo saa nne asubuhi, usogeze uso karibu. Petali zinametameta kama zimenyunyiziwa unga wa dhahabu. Ukizipangusa kwa kidole, hakuna unga unaotoka, kwa sababu mng'ao huo ni wa ngozi ya petali yenyewe: seli zake zimetuna, na kila moja huukamata mwanga na kuurudisha. Kwenye nerini nyekundu mng'ao ni wa dhahabu, kwenye nyeupe na za waridi ni wa fedha. Nimewaonyesha watu wengi jambo hili, na wengi wao wameomba kuangalia mara ya pili.

Haya yote hutokea Septemba, Oktoba na Novemba, majira ambayo Ulaya miti inapukutisha majani na bustani zinafungwa. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli. Kwetu Tanzania vuli ni mvua za mwisho wa mwaka, zinazokuja baada ya ukavu mrefu. Kwa mimea mingine tafsiri hiyo inapwaya. Kwa nerini inakaa sawasawa, maana kinachoiamsha ni kilekile: ukavu umekwisha, usiku umeanza kupoa, maji yamefika.

Kwao ni Afrika Kusini, kwenye Mlima Meza unaotazama jiji la Cape Town na milima ya jirani. Eneo hilo lina tabianchi tofauti na sehemu kubwa ya bara letu. Mvua hunyesha wakati wa baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, na kiangazi cha Desemba hadi Februari ni kikavu na cha jua kali. Nerini huota kwenye nyufa za miamba, katika mchanga mwembamba usio na rutuba, vitunguu vimesongamana bega kwa bega. Kiangazi chote vimelala. Machi na Aprili, joto likipungua, maua hutoka kwanza. Kuna kipepeo mkubwa wa kahawia wa milima hiyo, Aeropetes tulbaghia, anayependa sana rangi nyekundu, na ndiye anayezichavusha. Majani hufuata baadaye, hula mvua na jua jepesi la majira ya baridi, kisha hukauka kabla kiangazi hakijarudi. Ukikipeleka kitunguu hicho kaskazini ya ikweta, kalenda hupinduka miezi sita: Machi ya Cape Town inakuwa Septemba ya Uingereza.

Ukiushika mchoro huo wa mlima kichwani, nusu ya sura hii umeshaisoma. Mwamba, mchanga, msongamano, ukavu wa kiangazi, unyevu wa baridi. Chungu tunachokitengeneza nyumbani ni ufa wa mwamba tuliouhamisha.

Jina lake rasmi ni Nerine sarniensis, na jina hilo linaniuma kidogo kila ninapoliandika. Sarnia ni jina la Kilatini la Guernsey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Ua la Mlima Meza likaitwa la Guernsey! Lilichanua Paris mwaka 1634, katika bustani ya Jean Morin, miaka 18 kabla Jan van Riebeeck hajashuka Cape kuanzisha kituo cha Waholanzi. Mwaka uliofuata daktari Jacques-Philippe Cornut alilieleza kitabuni kama ua la Japani, kwa kuwa meli za Mashariki ndizo zilizoaminika kulileta, na hakuna aliyefikiria kwamba meli hizo hutia nanga njiani Afrika. Baadaye ikazuka hadithi ya meli iliyotoka Japani ikavunjika karibu na Guernsey, vitunguu vikatupwa ufukweni na mawimbi, vikajiotea vyenyewe mchangani. Hadithi tamu, na watu waliisadiki kwa zaidi ya miaka mia moja. Ilibidi Francis Masson, mtunza bustani aliyetumwa na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, kukusanya mimea, afike Cape mwaka 1772 ndipo ua likaonekana kwao, mlimani, likijichanulia kama lilivyofanya siku zote. Lakini hadithi ya bahari ilikuwa imeshaota mizizi: mwaka 1820 William Herbert alipoipa jenasi hii jina, alichagua Nerine, kutokana na mabinti wa baharini wa hekaya za Kigiriki.

Nalinganisha na ua dogo la zambarau la milima yetu ya Usambara, ambalo leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya. Nalo lilibandikwa jina la mgeni, Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Angalau Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara katika lugha yao ya kila siku. Nerini haikupata hata hilo.

Katika karne ya 18 wakulima wa Guernsey waliuza vitunguu hivi Uingereza. Mnunuzi alipokea kitunguu, akakipanda, kikachanua mwaka wa kwanza kwa fahari yote, halafu basi. Mwaka wa pili majani matupu. Mwaka wa tatu majani matupu. Watu wakalalamika kwamba ua hili ni gumu, lina kiburi. Lawama hiyo ilidumu muda mrefu, na mimi mwenyewe niliirudia kwa kinywa changu kabla sijaelewa.

Kitunguu changu cha kwanza nilipewa na jirani yangu huku kusini mwa Uingereza, bibi mmoja aliyekuwa na vyungu kumi na viwili kwenye kibanda chake cha vioo. Ilikuwa Juni. Hakunipa maelezo mengi, nami sikuuliza. Nimezaliwa Lushoto, nimekulia kwenye bustani, nikaona aibu kuuliza namna ya kutunza ua. Nikakiweka dirishani na kukipa maji kila baada ya siku mbili. Kilipokuwa hakitoi jani, nikaongeza maji. Nikaongeza na mbolea. Mwezi wa nane nikabonyeza shingo yake, kidole kikazama.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama.

"Mama, kitunguu changu kimeoza."

"Ulikuwa unakipa maji?"

"Kila siku mbili."

"Kilikuwa na majani?"

"Hapana."

"Sasa mwanangu, asiye na mdomo unamnywesha kwa wapi?"

Kisha akanikumbusha ua letu la nyuma ya jiko, lile jekundu la mviringo kama mpira, lililokuwa chini ya mparachichi. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, na ni la ukoo mmoja na nerini. Kiangazi chote pale hapakuwa na kitu, ardhi tupu, kuku wanaparura. Mvua ya kwanza ikinyesha, baada ya siku chache mpira mwekundu umesimama juu ya udongo, majani yanafuata nyuma. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulimwagilia maji wakati wa ukavu. Mama hakuwa na kitabu; alikuwa na macho tu, na miaka mingi ya kutazama. Akamalizia kwa methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Kabla ya kukitupa nilikipasua kitunguu hicho kwa kisu cha jikoni, kutoka shingoni hadi kitakoni, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa bado mzima. Ndipo nilipoona kile ambacho hakuna maelezo ya maneno yangenifundisha. Kati ya maganda meupe yaliyofunikana kulikuwa na tumba, urefu wa ukucha wa kidole kidogo, limekunjwa. Nililifungua kwa ncha ya sindano. Ndani yalikuwamo maua, yote, madogo kama punje za mtama, yamepangwa tayari. Hilo lilikuwa ua la Oktoba ambalo nililizamisha. Na ndani zaidi, karibu kabisa na kitako, kulikuwa na chembe nyingine ndogo kuliko kichwa cha pini. Hiyo ilikuwa ya mwaka unaofuata.

Hapa ndipo penye kiini cha ukulima wa nerini, na ningependa msomaji asimame hapa hata kama atayaruka mengine yote. Ua unaloliona mwaka huu halikutengenezwa mwaka huu. Lilianza kama chembe ndani ya kitunguu zaidi ya mwaka mmoja nyuma, likalelewa na majani ambayo sasa yameshakufa. Kwa hiyo kitunguu kipya cha dukani huchanua karibu kwa vyovyote vile, kwa sababu kimekuja na ua lake tumboni. Sifa ya ua hilo ni ya mkulima aliyekiuza. Lako wewe ni la miaka inayofuata, na unalitengeneza Januari na Februari, wakati chungu kina majani tu na wageni hawakitazami. Wanunuzi wa karne ya 18 walifurahia ua, kisha wakayasahau majani. Mmea haukuwa na kiburi chochote.

Kwa wanaotaka kujaribu, nitasema ninavyofanya mimi.

Chungu kiwe kidogo. Kitunguu kimoja kinatosha katika chungu cha sentimita 9 au 10. Vitatu katika cha sentimita 13. Chungu kikubwa kinahifadhi maji mengi ambayo mizizi haiyamalizi, na nerini hupenda kubanwa. Udongo uwe nusu mchanga wenye chembe kubwa au changarawe laini, nusu udongo wa kawaida wa bustani au mboji iliyoiva. Samadi usitie, chokaa usitie. Panda kitunguu kikiwa kimezikwa nusu tu, shingo na mabega nje, kama mtu aliyekaa kwenye beseni. Ukikizika chote, shingo hushika unyevu na kuoza.

Maji ya kwanza ndiyo muhimu kuliko yote, na yanapaswa kusubiri tumba. Likionekana, kiweke chungu kwenye beseni la maji kwa nusu saa hadi udongo ulowe, kisha kitoe kichuruzike. Baada ya hapo mwagilia udongo wa juu unapokauka. Vitunguu ambavyo hadi mwisho wa Septemba havijaonyesha tumba, navyo vipe maji; mwaka huo vimeamua majani, na majani hayo ndiyo mtaji wako.

Maua yakiisha, usikisukume chungu pembeni. Majani yanataka mwanga wote utakaoweza kupata na hewa baridi isiyofika kuganda. Nyuzi 5 hadi 12 ni nzuri, jalidi yenyewe huua. Sebule yenye joto la mashine si mahali pake. Majani hurefuka, hulegea, hulala juu ya kingo kama nywele zilizolowa, na kitunguu hakinenepi. Mimi navihamishia chumba cha nyuma kisichowashwa joto, dirisha linalotazama kusini. Kila baada ya wiki mbili au tatu navipa mbolea ya maji ile ya nyanya, yenye potasi nyingi, nikiwa nimeipunguza nguvu kwa nusu. Nitrojeni nyingi huleta majani ya kujivunia na ua hakuna.

Aprili au Mei majani huanza kuwa manjano kuanzia ncha. Hapo punguza maji, kisha acha kabisa. Usiyakate majani yangali mabichi. Yaache yakauke yenyewe, maana yanarudisha chakula kitunguuni. Yakishang'oka kwa kuvutwa kidogo, kiweke chungu mahali penye jua na joto, penye paa, pasipofikiwa na mvua. Na hapo kikae.

Kuhamisha chungu ni jambo la kila miaka minne au mitano, si kila mwaka. Ukivuruga mizizi, kitunguu hununa na ua linaweza kukosekana msimu mzima. Hamisha Agosti, kabla hakijaamka. Vaa glavu au nawa mikono vizuri, kwa kuwa vitunguu hivi vina sumu. Visikae kamwe karibu na vitunguu vya kupikia. Naona hatari hii inachukuliwa kwa wepesi mno katika nyumba zenye watoto, wakati vinafanana kiasi kwamba hata mtu mzima anaweza kukosea gizani.

Wadudu si wengi. Angalia wale weupe wenye unga kama pamba, hujificha kati ya maganda shingoni. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Mbegu zina mambo yake. Ni nyororo, za kijani, saizi ya punje ya mtama au kubwa kidogo, na hazijui kusubiri. Mara nyingine huota zingali juu ya kikonyo, kizizi cheupe kinaning'inia hewani. Usizikaushe wala kuziweka kwenye bahasha, zitakufa. Ziweke juu ya mchanga wenye unyevu siku hiyohiyo, bila kuzifukia. Baada ya miaka mitatu hadi mitano utapata ua ambalo hakuna mwingine analo. Hivyo ndivyo Lionel de Rothschild alivyofanya katika bustani ya Exbury, kusini mwa Uingereza, kabla ya vita kuu ya pili, akizipandisha nerini nyekundu, nyeupe na zambarau hadi ukapatikana ukoo mzima wa rangi mpya. Baadaye Peter Smithers, mwanasiasa aliyehamia Uswisi, aliendeleza kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kuna ndugu yake, Nerine bowdenii, anayeuzwa zaidi madukani Ulaya. Huyo ni wa waridi, anatoka mashariki mwa Afrika Kusini kwenye mvua za kiangazi, na anavumilia kupandwa nje ardhini. Ni ua zuri na jepesi kulitunza. Lakini kalenda yake ni nyingine, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kununua. Ukimnyima huyo maji kiangazi kizima utamuumiza kama mimi nilivyomuumiza mwenzake kwa kumnywesha.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ataniuliza kama naye anaweza. Kwa maoni yangu, asijisumbue na nerini. Joto la usiku la pwani halishuki, na kitunguu hiki kinataka ubaridi ili majani yafanye kazi. Mtu wa Njombe, Lushoto au Limuru anaweza kujaribu, akiwa na paa la kuzuia mvua wakati kimelala. Wa pwani achukue lile ua jekundu la mviringo la mama yangu, alipande kwenye chungu kipana chenye udongo mwepesi, kivulini, alinyime maji tangu majani yanapokauka hadi mawingu ya mvua yanapokusanyika. Sheria ni ileile. Ila asilichimbe porini. Atafute kwa jirani mwenye kichaka kilichojaa, aombe vitunguu viwili. Ua hili huzaa watoto pembeni, na mwenye nalo hapungukiwi.

Yule bibi jirani alinipa kitunguu kingine mwaka uliofuata, bila kuniuliza cha kwanza kilikwenda wapi. Hicho ndicho mama wa vyungu vyangu vyote. Sasa viko tisa, na msimu uliopita saba vilichanua.

Kama unasoma haya mwezi wa tano na majani ya chungu chako yameanza manjano, weka kopo la maji kabatini. Litoe tena mwishoni mwa Agosti, siku utakayoona ncha nyekundu.